Maswali ya wasomaji: Kasi ya msanii juu ya tredimili, kweli au chai?

Klipu ya mwigizaji mmoja wa filamu wa Marekani akijisifia kasi yake juu ya mashine ya kukimbilia imezunguka sana kwenye simu, na barua zimefuata. Tumechagua zile ambazo kila moja inauliza jambo lake.

SWALI: Mhariri, za kazi? Huyu mwigizaji, ambaye miaka 40 kashaipita, anasema kwenye tredimili anapiga "24", na alipoulizwa akajibu kuwa ni maili. Jimu yetu imegawanyika. Wenzangu wanasema mtu mwenye hela ya kocha na mpishi hashindwi. Mimi nasema hiyo ni chai. Tuamulieni. (Msomaji, Sakina, Arusha)

JIBU: Ni chai, ingawa huenda aliyeipika hakujua kama anapika.

Maili 24 kwa saa ni kilomita 38.6 kwa saa. Hiyo ni mita 10.7 kila sekunde, yaani mita 100 kwa sekunde 9.3. Usain Bolt alipoweka rekodi ya dunia ya sekunde 9.58 mjini Berlin, tarehe 16 Agosti 2009, wastani wake ulikuwa kilomita 37.6 kwa saa. Wenzako wakisikia hivyo watacheka na kumaliza ubishi, lakini tumtendee haki mwigizaji. Wastani wa Bolt unabeba na zile hatua za kwanza kutoka kwenye vibao vya kuanzia, ambako mwili unaanzia sifuri. Kati ya mita ya 60 na ya 80 siku ile alitumia sekunde 1.61, na hiyo ni kilomita 44.7 kwa saa. Kwa hiyo 38.6 kama kilele cha kasi haimzidi binadamu. Mwanamume anayemaliza mita 100 chini kidogo ya sekunde 11 huigusa, kwa mita chache tu.

Sasa jiulize: mwigizaji aliyepita miaka 40, ambaye hajawahi kushindana mbio fupi, ana miguu ya mtu wa chini ya sekunde 11? Hapo ndipo shaka inapoanzia. Inaongezeka ukiitazama mashine. Tredimili nyingi za nyumbani na za jimu hukomea kati ya kilomita 16 na 25 kwa saa, hata ukibonyeza kitufe mpaka kidole kiume. Zipo za maabara za riadha zinazofika 40 na kuzidi, ndefu na pana, na mwanariadha hufungwa mikanda inayoning'inia kutoka juu ili akiteleza asirushwe. Ukimwona mtu anadai 38 akiwa kwenye mashine ya kawaida ya hotelini, huna haja ya kutazama miguu yake. Tazama kibandiko cha mashine.

Tunavyoona sisi, mashine ilikuwa imewekwa kwenye kilomita, ikaonyesha 24, na neno "maili" likaongezwa baadaye na mtu aliyezoea maili tangu utoto. Kilomita 24 kwa saa ni maili 15, nazo si haba: ni mzunguko wa mita 400 kwa sekunde 60 kamili. Filbert Bayi wa Karatu, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, alikuwa anakwenda kwa wastani wa kilomita 25.5 kwa saa. Yeye aliushika mwendo huo dakika tatu na nusu. Mwigizaji wetu anahitaji kuushika kwa muda ambao kamera iko wazi tu.

SWALI: Tredimili ya jimu ninakofanyia mazoezi nikifika 12 naona ulimi unatoka nje. Rafiki yangu ananiambia 12 ndiyo kasi ya Simbu. Ni kweli au ananipa moyo tu? (Mama wa Pasua, Moshi)

JIBU: Inategemea herufi zilizo pembeni ya hiyo 12, mama. Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2:09:48. Huo ni wastani wa kilomita 19.5 kwa saa. Maili 12 ni kilomita 19.3, kwa hiyo kama mashine inasoma maili, rafiki yako hakukosea. Kama inasoma kilomita, 12 ni mwendo wa kilomita moja kwa dakika tano. Ni mzuri kwa mtu wa mazoezi, ila Simbu yuko mbali.

Herufi zikiwa zimefutika, ipande na uiweke kwenye 6. Ukiweza kutembea kwa haraka bila kukimbia, hiyo ni kilomita. Ikikulazimisha kukimbia, ni maili, maana maili 6 ni karibu kilomita 9.7 na hakuna anayetembea hivyo kwa starehe. Mashine nyingi zina mahali pa kubadilisha kipimo ndani ya mipangilio, na mtu akishaibadilisha bila kusema, jimu nzima inakimbia kwa namba isiyojulikana.

SWALI: Nimeihifadhi klipu yenyewe kwenye simu. Imepigwa kwa pembeni na miguu inaonekana vizuri. Kuna namna ya kujua kasi kwa kuitazama tu? (Fundi simu, Kijenge, Arusha)

JIBU: Ipo, na kwa fundi simu ni kazi ya dakika kumi. Unahitaji programu yoyote inayosogeza video fremu moja moja, yaani picha moja moja zinazounda video.

Anza na video yenyewe, kwamba haikuongezwa kasi. Video nyingi za simu zina fremu 30 kwa sekunde, nyingine 60. Kama skrini ya tredimili inaonekana na saa yake inahesabu, hesabu fremu kati ya sekunde moja na inayofuata. Ukipata 30 kwenye video ya fremu 30, uko salama. Ukipata 20, mtu ameichezea. Kama saa haionekani, tafuta kitu kinachoanguka. Chupa au funguo zikiachiwa kutoka kimo cha mita moja huchukua sekunde 0.45 kugusa chini, yaani fremu 13 au 14. Mvuto wa dunia haujui kuhariri video.

Kisha nenda kwenye kiatu. Mguu uliokanyaga mkanda hautelezi, unarudi nyuma pamoja na mkanda, kwa hiyo kasi ya kiatu kikiwa chini ndiyo kasi ya mkanda. Kiatu cha namba 43 kina urefu wa nje wa sentimita 30 hivi, na hicho ndicho rula yako. Kwa kilomita 38.6 kwa saa, mkanda husogea sentimita 36 katika kila fremu ya video ya fremu 30. Maana yake kiatu kinatakiwa kiruke nyuma zaidi ya urefu wake mzima kutoka fremu moja hadi nyingine. Kwa kilomita 24, kinasogea sentimita 22, karibu robo tatu ya urefu wake. Weka kidole kwenye kisigino cha kiatu, sogeza fremu moja, utazame ncha imefika wapi. Kama ncha mpya bado iko mbele ya mahali kisigino kilipokuwa, basi kiatu hakijamaliza urefu wake na 38 haipo.

Hesabu pia fremu ambazo mguu mmoja uko chini. Wakimbiaji wa mbio fupi wakiwa kwenye kilele cha kasi hugusa chini kwa sekunde 0.08 hadi 0.10, yaani fremu tatu kwa kukadiria. Ukiona mguu unakaa kwenye mkanda fremu sita, ni sekunde 0.2. Mkanda unaokwenda kilomita 38.6 ungekuwa umeubeba mguu huo zaidi ya mita mbili, wakati ubao wa kukimbilia wa mashine ya kawaida una mita moja na nusu. Mwenye mguu angekuwa sakafuni.

Njia ya tatu ni mshono wa mkanda, ule mstari wa mshazari ulipounganishwa, au maandishi ya kampuni yaliyochapwa juu yake. Urefu wote wa mkanda wa mashine ya jimu, juu na chini, huwa mita 3 na kidogo. Tuchukue 3.2. Kwa kilomita 24 mshono hupita mbele ya kamera kila fremu 14 au 15. Kwa 38.6 hupita kila fremu 9. Hesabu mizunguko kumi ili kosa lipungue. Tatizo la njia hii ni mwanga: ndani ya jimu yenye taa hafifu mshono hugeuka ukungu na huuoni.

Usitumie njia hizi kubishania 36 na 38. Kamera ikiwa karibu sana au imekaa kwa pembe, unaweza kukosea kwa asilimia kumi bila kujua. Ila tofauti ya 24 na 38 haifichiki.

SWALI: Kwenye video nyingine ya msanii wa hapa nyumbani, anaruka juu ya mkanda unaokwenda kasi, anashika vyuma vya pembeni, miguu inapepea. Ile nayo ni kukimbia? (Msomaji, Ngarenaro, Arusha)

JIBU: Hapana. Kazi ngumu ya mkimbiaji wa kasi ni kuusukuma uzito wake juu kwa nguvu kubwa katika ule muda mfupi wa kugusa chini. Akishika vyuma, mikono inabeba sehemu ya uzito na miguu inabaki kupunga. Na mkanda unamrudishia miguu nyuma wenyewe. Tunakubali namba ikiwa mikono iko huru, mtu anabaki mahali pale pale juu ya ubao bila kurudi nyuma, na inadumu walau sekunde tano. Sekunde mbili za kupepea usizihesabu.

SWALI: Nina jimu ndogo yenye tredimili mbili. Wateja wanasema moja ni "nyepesi", namba ile ile lakini hawachoki. Nitajuaje ipi inasema kweli? (Mwenye jimu, Soweto, Moshi)

JIBU: Wateja huwa hawakosei kwenye hili. Pima hivi.

Zima mashine na uchomoe waya ukutani. Weka alama ya rangi nyeupe ya kucha kwenye ukingo wa mkanda. Chaki hufutika, na tepu ya kubandika huingia chini ya rola ikaleta balaa. Weka alama nyingine kwenye fremu ya mashine, pembeni ya mkanda, zilingane. Pima mkanda kwa futikamba kipande kwa kipande ukiuvuta kwa mkono, hadi ile ya kucha irudi ilipoanzia. Tuseme umepata mita 3.06.

Washa, weka kilomita 10 kwa saa, acha itulie nusu dakika, kisha rekodi kwa simu alama ikipita mara 20. Usihesabu kwa jicho na saa mkononi. Kanuni ni urefu wa mkanda mara mizunguko, gawanya kwa sekunde, zidisha kwa 3.6. Mizunguko 20 ni mita 61.2. Ikichukua sekunde 21.9, mashine inakwenda 10.06. Safi.

Sasa rudia mtu wa kilo 70 au 80 akikimbia juu yake, na hapa ndipo wengi wanaposahau. Mkanda mtupu hauna kazi. Ikitokea sekunde 23.4, kasi ya kweli ni 9.4 wakati skrini bado imeng'ang'ania 10. Hiyo ndiyo "nyepesi" ya wateja wako.

Skrini inadanganywa kwa sababu kwenye mashine nyingi kihisi cha kasi husoma sumaku iliyo kwenye rola ya mbele au puli ya mota. Rola inazunguka sawasawa, ila mkanda unateleza juu yake kila mguu unapotua. Shika ukingo wa mkanda katikati ya ubao uuinue: ukipanda sentimita 5 hadi 8, umekazwa vizuri. Ukipanda zaidi, kaza boliti mbili za nyuma robo mzunguko kila moja, kulia na kushoto sawa, kisha ujaribu tena. Ukikaza upande mmoja tu mkanda utahama na kuanza kujila kingo. Usiukaze kama kamba ya ng'ombe pia, maana beringi za rola na mota ndizo zitakazolipa.

Sababu ya pili ni ubao mkavu. Pitisha mkono chini ya mkanda mashine ikiwa imezimwa: ukitoka mkavu na wenye vumbi jeusi, weka silikoni halisi, mililita 20 hadi 30 katikati, kisha itembeze taratibu dakika tano. Mafuta ya kupikia, ya injini au yale ya kupuliza kwenye kutu yanaharibu mkanda. Baadhi ya mashine zina ubao uliopakwa nta na hazitaki silikoni kabisa, kwa hiyo soma kijitabu kwanza.

Ya tatu ni umeme. Mashine ya volti 230 ikilishwa 190 kupitia kebo nyembamba ya kuunganishia, mota hukosa nguvu kila mguu unapotua. Pima volti kwenye soketi mtu akiwa anakimbia, kwa sababu mashine ikiwa tupu kipimo kitakudanganya. Ipe soketi yake moja kwa moja ukutani.

SWALI: Wanafunzi wangu wanasema tredimili ni rahisi kwa sababu hakuna upepo, na kwamba Arusha ni rahisi kuliko Dar kwa sababu hiyo hiyo. Naomba ufafanuzi. (Mwalimu wa michezo, Moshi)

JIBU: La kwanza ni kweli, mwalimu. Juu ya mashine hukati hewa. Utafiti uliofanyika Uingereza mwaka 1996 ulionyesha kwamba kuinua mashine asilimia 1 kunalingana vizuri na gharama ya kukimbia nje kwa mwendo wa mazoezi, hadi kilomita 18 kwa saa. Kwa mbio fupi asilimia 1 haitoshi, kwa sababu ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikizidi mara mbili, ukinzani unazidi mara nne. Aidha, juu ya mashine mota ndiyo inayoongeza kasi, wakati uwanjani mkimbiaji anausukuma mwili wake kutoka sifuri, na hapo ndipo jasho la mita 100 linapotoka.

La pili ni kweli nusu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko ya pwani. Mkimbiaji wa mita 100 anafaidika kidogo. Wa mita 5,000 anaumia, kwa kuwa oksijeni nayo imepungua. Ndiyo maana matokeo ya mahali palipozidi mita 1,000 huwekewa herufi A kwenye orodha za riadha. Arusha inaingia, Moshi mjini haifiki. Na juu ya tredimili faida hiyo ya mkimbiaji wa kasi inatoweka, kwa sababu hapo hakuna hewa ya kukata.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nina miaka 17, nataka kujaribu 24 nijirekodi. Mashine ya jimu inafika 25. Niwe makini na nini? (Mwanafunzi, Njiro, Arusha)

JIBU: Marahaba. Usijaribu. Kwa 24, ukijikwaa, mkanda unakubeba kutoka mbele ya ubao hadi mwisho kwa sekunde 0.22. Huna muda hata wa kusema "mama". Ngozi ya magoti na viganja inabaki kwenye mkanda, na kama mashine imepakana na ukuta, unabanwa hapo huku mkanda ukiendelea kusaga. Hata kwa mwendo wa kawaida, bana ile kamba ya usalama kwenye nguo, usiiache ikining'inia, na hakikisha mita mbili nyuma yako ziko wazi. Usiruke kamwe juu ya mkanda unaokwenda kasi.

Ukitaka kujua kasi yako, nenda uwanjani, Sheikh Amri Abeid kwa mfano, asubuhi kabla watu hawajajaa. Pasha mwili dakika 20 na ukimbie mara tatu nne ukiongeza kasi polepole. Pima mita 30 za kuchukua kasi, kisha mita 20 za kupima, na uweke koni kwenye mstari ule ule unaokimbilia. Ukiziweka upande wa mpiga picha, picha itasema uongo. Rafiki asimame kando, usawa wa katikati ya zile mita 20, umbali wa mita 15 au zaidi, arekodi bila kuizungusha simu. Tumia fremu 240 kwa sekunde kama simu inazo, au 60.

Hesabu fremu kutoka kifua kinapovuka koni ya kwanza hadi kinapovuka ya pili. Fremu 600 kwenye 240 ni sekunde 2.50, yaani kilomita 28.8 kwa saa. Rafiki akibonyeza saa kwa kidole, akachelewa kuanza kwa sekunde 0.2 tu, utapata 2.30 na kujiona wa 31.3. GPS ya simu nayo usiitegemee kwenye mita 20. Kimbia mara tatu, pumzika dakika tano kila mara, na uandike ile ya katikati.